Makundi sita ya chakula kwa shilingi 8,000: jibu kwa mama wa Magomeni, Mtwara

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Magomeni, hapa Mtwara mjini. Mume wangu ni fundi ujenzi, tuna watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 5 na mdogo wa miezi 14 ambaye bado ananyonya. Kliniki tulifundishwa makundi sita ya chakula, na ukutani palikuwa na bango lenye mayai, maziwa, samaki mkubwa, epo na zabibu. Mimi chakula cha siku nzima nina shilingi 8,000, mkaa mbali. Chai na maandazi ya asubuhi vinakula 2,000. Mchana ugali, usiku ugali au wali, mboga kidogo, samaki nikibahatika. Kwetu Newala tuna mikorosho na tunavuna mbaazi, ila mume wangu anasema mbaazi ni chakula cha shida, kwa hiyo tunauza zote. Bei za sokoni nimekuandikia hapo chini. Niambie ukweli: mwongozo huo si wa wenye hela?

JIBU

Dada yangu, nusu ya jibu ni ndiyo. Nianze na nusu hiyo, maana wataalamu wengi tunaikwepa.

Kila mwaka FAO, shirika la chakula na kilimo, na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa hupiga hesabu ya watu duniani ambao kipato chao hakitoshi kununua mlo kamili, hata ule wa bei ya chini kabisa. Kwa mwaka 2024 walikadiria watu bilioni 2.6. Hao wote hawawezi kuwa wazembe wa kupanga bajeti. Na karibu kila nchi hali ni ileile: wanga na mafuta ni rahisi, lakini vyakula vya wanyama, matunda na mboga ndivyo vinavyopandisha gharama. Ndiyo maana mwenye kipato kidogo hujaza sufuria ugali kwanza. Atakayekuambia kula vizuri ni suala la elimu tu, mwombe akuongezee 8,000 nyingine muone mtapika nini.

Nusu ya pili ni kwamba bango si mwongozo. Mwongozo wa taifa uliotolewa mwaka 2023 na Wizara ya Afya pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vya asili ya wanyama; jamii ya kunde, karanga na mbegu; mboga; matunda; na mafuta. Humo ndani epo ina hadhi sawa na papai. Epo haioti Mtwara. Ikitoka karibu imetoka Njombe, ikitoka mbali imepanda meli, na nauli yake unailipa wewe. Mchoraji wa bango alichagua vitu vinavyopendeza kwenye picha. Wewe una kazi nyingine.

Sasa bei zako. Umeandika: sembe kilo 1,800, unga wa muhogo 1,200, mbaazi kavu 2,200, maharage 3,500, dagaa wakavu 12,000, nyama ya ng'ombe 11,000, yai moja 400, maziwa lita 2,500, fungu la mboga 500, chungwa 200. Mtu akiyatazama haya kwa haraka atasema dagaa ndio ghali kuliko vyote, na mayai ndiyo nafuu. Lakini kilo ya dagaa wakavu haina maji, wakati yai sehemu kubwa yake ni maji. Tulinganishe kwa kitu kimoja, gramu 10 za protini. Ukizipata kwenye mbaazi zinakugharimu kama shilingi 105. Kwenye maharage, 160. Kwenye dagaa, 200. Kwenye nyama, 550, na hapo sijatoa mfupa. Kwenye yai, zaidi ya 650. Kwenye maziwa, zaidi ya 700. Yaani dagaa uliyekuwa unamwogopa ni karibu mara tatu rahisi kuliko nyama, na mbaazi unazouza zote ndizo rahisi kuliko kila kitu ulichoniandikia.

Protini si kila kitu, nitarudi kwenye hilo. Kwanza tupike siku nzima.

Familia yenu, kwa umri wa watoto, inahitaji nishati ya kama watu wazima watatu na robo tatu. Wapigaji hesabu wa kimataifa humwekea mtu mzima mmoja kalori 2,330 kwa siku: nusu kutoka kwenye wanga, 300 kwenye mikunde na karanga, 300 kwenye vyakula vya wanyama, 300 kwenye mafuta, zinazobaki kwenye mboga na matunda. Nikiligeuza hilo kuwa kapu lako: unga kilo moja na robo kwa milo yote mitatu, robo tatu ya kilo iwe sembe na nusu kilo iwe muhogo, 1,950. Mbaazi theluthi ya kilo, 730. Mafuta au nazi, 1,000. Mafungu matatu ya mboga, moja likiwa la nyanya, 1,500. Machungwa matano, 1,000. Dagaa gramu 150, 1,800. Jumla 7,980.

Imebaki shilingi 20, na kitunguu bado hakijanunuliwa. Sukari haimo. Mgeni akibisha hodi, hesabu imekufa. Kwa hiyo ukiniuliza kama inawezekana nitasema inawezekana kwa kujibana, siku ambayo hakuna mtu anayeumwa na fundi amelipwa.

Na hata hapo nimepunja kundi moja, la wanyama. Kalori 300 za kundi hilo kwa mtu mzima ni kama mayai manne. Kwa nyumba yako ni mayai 15 kwa siku, shilingi 6,000. Hapo ndipo mwongozo unapomshinda mtu wa kipato chako, na sioni sababu ya kukuficha. Dagaa gramu 150 hawafiki kiwango hicho kwa kalori, ila wanaleta vile ambavyo mbaazi haziwezi kuleta: vitamini B12, ambayo mimea haina, zinki, madini chuma yanayofyonzwa vizuri, na kalisi kwa sababu unamla na mifupa yake. Kwa hela uliyonayo hakuna kitu cha wanyama kinachowazidi. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, maana waliotandazwa chini huja na mchanga ambao hata ukiosha mara nne utausikia kwenye meno. Kama wamechemshwa kwa maji ya chumvi, kama wengi wa Kilwa, waloweke, mwaga maji, na usitie chumvi nyingine.

Halafu kuna mgao. Chakula cha wanyama kikiwa kidogo, mila zetu humpa baba kwanza, wageni wafuate, na watoto wapate mchuzi. Sina ugomvi na heshima ya baba, anabeba zege. Lakini fundi aliyeshiba ugali, mbaazi na mboga hatadhurika kwa kukosa yai. Mtoto wa miezi 14 atadhurika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa huko hujengeka zaidi kabla ya kutimiza miaka miwili. Tumbo lake ni dogo, maziwa yako pekee hayamtoshelezi tena madini chuma, na uji mweupe unamjaza bila kumjenga. Kwa hiyo kama nyumba ina yai moja kwa siku, ni lake. Punguza dagaa gramu 35 na yai hilo limeshanunuliwa. Endelea kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili au zaidi. Hayo ndiyo maziwa ya bei nafuu Mtwara nzima.

Kwenye uji wake tia karanga za kusaga na unga wa dagaa uliosaga mwenyewe. Achana na zile unga lishe za mchanganyiko wa vitu kumi: karanga na soya zikikaa kwenye unga huo kwa joto letu huanza kuchacha, na vitu vingi namna ile haviongezi chochote ambacho vitatu havijaleta. Karanga zichambue moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, usiwape hata kuku, kwa sababu ya sumukuvu.

Turudi asubuhi. Shilingi 2,000 ya chai na maandazi ni robo ya bajeti yako, na inakununulia ngano nyeupe, sukari na mafuta yaliyokaangiwa tangu jana. Ukinunua fungu la muhogo mbichi, viazi vitamu au magimbi ukachemsha, wanga wa asubuhi umepatikana kwa hela iliyo tayari kwenye lile kapu. Wakati wa ming'oko, ile mizizi ya kwetu Kusini, chemsha ming'oko. Sijui ni nani aliyewaambia vijana wa mjini kwamba hicho ni chakula cha porini. Ukipata viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vichukue mbele ya vyeupe kwa sababu ya vitamini A. Chai sikuambii uache, maana najua hutanisikia. Ipunguze sukari, na usiinywe pamoja na mlo wa mboga na mbaazi, kwani majani ya chai huzuia madini chuma yasifyonzwe. Iache ikae kando saa moja hivi. Chungwa au ukwaju hufanya kinyume chake, husaidia madini hayo kuingia, kwa hiyo machungwa yale matano yaliwe pamoja na chakula.

Kuhusu matunda, usinunue kwa mazoea, nunua kwa msimu. Machungwa yakipanda bei achana nayo. Papai lipo karibu mwaka mzima. Maembe yakianza kumwagika mwishoni mwa mwaka, ile 1,000 ya matunda itabaki na chenji. Na kuna tunda ambalo mabango yote yamelisahau: bibo, lile tunda la mkorosho linaloshika korosho. Bibo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, na kwenu Newala msimu wa korosho yanaoza chini ya miti kwa sababu kinachotafutwa ni kokwa tu. Kinachookolewa huishia kwenye uraka na nipa, pombe za mabibo. Ule ukakasi unaowakera watoto unapungua ukiyachemsha kwa dakika chache kwenye maji yenye chumvi kidogo, kisha uyasuuze. Yanaweza kukaushwa pia. Naliendele, kwenye kituo cha utafiti cha hapahapa Mtwara, wamekuwa wakifundisha vikundi vya kina mama kutengeneza juisi na jamu ya mabibo kwa miaka mingi. Ukipita upande huo, waulize.

Mboga sitakusemea sana, wewe ni mama wa Kusini. Kisamvu, majani ya kunde, matembele, majani ya maboga: vyote vinalizidi kabichi kwa madini na vitamini, na kabichi ndiyo inayouzwa kwa madaha. Matembele yakipandwa kwenye gunia nyuma ya nyumba na kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanakuondolea fungu moja kwa siku. Mlonge vilevile, chomeka tawi tu. Hayo makopo ya unga wa mlonge yanayouzwa kwa bei ya dawa yaache dukani.

Muhogo nimekuwekea nusu kilo kwa siku kwa sababu ni rahisi, ila nina sharti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoani kwetu kulitokea visa vya konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Unaletwa na muhogo mchungu ambao sumu yake haikutolewa vizuri, ukiliwa siku nyingi mfululizo na watu wasiopata protini ya kutosha. Angalia vitu viwili hivyo vinavyokutana: ni mlo wa mtu aliyeuza mbaazi na kubaki na makopa ya muhogo. Kama hujui unga umetoka kwenye muhogo gani, uchanganye na maji uwe rojo zito, utandaze kwenye ungo au sinia kwa unene mdogo, uache saa mbili juani au tano kivulini, ndipo usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu inayobaki huruka na hewa. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana bila kufunika kabla hujatia nazi.

Chumvi: ile ya mashamba ya pwani inayopimwa kwa kopo mara nyingi haina madini joto. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini hayo, na uitumie kidogo, wote watano kwa siku msizidi vijiko vitatu hivi vya chai.

Sasa mbaazi na mume wako. Mimi sishangai akiziita chakula cha shida, kwa sababu alizila kwa shida, zimechemshwa kwa maji na chumvi mwezi wa pili, korosho zimeisha na mvua haijaleta kitu. Lakini mbaazi hizohizo zikiungwa kwa tui zito, zikaliwa na mahamri, watu wa pwani huwawekea wageni. Upishi ndio umewashusha hadhi. Zina kero moja ya kweli, mkaa: zinachelewa kuiva na hesabu yako ya mkaa sijaigusa. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha za siku mbili kwa pamoja. Magadi yanaharakisha lakini yanaharibu baadhi ya vitamini B, tia punje tu au usitie kabisa. La muhimu ni kwamba usiunge zote kwa nazi. Tui huchacha kabla ya jioni kwa joto letu. Zilizochemshwa bila kitu zichemshe tena usiku, na kesho uzitilie nazi yake. Mbichi zikitoka shambani kabla hazijakauka, hizo zinaiva haraka, kuleni hizo kwanza.

Kwa nini nang'ang'ania mbaazi? Rudi kwenye kapu lile. Kama mbaazi za siku hazinunuliwi, shilingi 730 imerudi mkononi mwako: hapo kuna yai la mtoto bila kupunguza dagaa, kuna kitunguu, na sukari kidogo ya chai. Sehemu ya pengo kati ya hela yako na mwongozo, kwa bei zako mwenyewe, inazibwa na kile mnachokipeleka mnadani na kukinunua tena dukani. Kusini tumezoea hivyo. Bandari yetu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga, ule mpango mkubwa wa Waingereza wa mwaka 1947 ulioishia kufeli kule Nachingwea. Leo inasafirisha korosho, na ufuta na mbaazi vinakwenda India na kwingineko. Karibu kila chakula chetu chenye mafuta mazuri na protini kina mnunuzi wa nje, na tunachorudi nacho kutoka dukani ni sembe na sukari. Simlaumu mkulima, ada ya shule hailipwi kwa mbaazi. Lakini mnunuzi wa nje naye ana siku zake: mwaka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi zinazoingia kwao, bei huku ilianguka vibaya na watu wakabaki na magunia wasiyojua wayafanyeje.

Theluthi ya kilo kwa siku, mwaka mzima, ni kilo 120. Hilo ni gunia moja na debe moja hivi. Mwambie mume wako litolewe hilo kabla mzigo haujaenda chama cha msingi cha ushirika, lisiwe lile linalobaki baadaye, kwa sababu huwa halibaki. Likaushwe vizuri mpaka mbaazi ikitafunwa ivunjike kwa mlio, litiwe kwenye mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ifungwe kabisa, na msiifungue ovyo; wadudu walioingia na mbaazi watakufa humo kwa kukosa hewa. Gawa kwenye mifuko midogo ya mwezi mmojammoja ili ukifungua mmoja mingine isiguswe. Na kilo chache za korosho zisizobanguliwa mjiwekee, mzibangue nyumbani kwa uangalifu, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na watoto wasikaribie. Zikisagwa zinaingia kwenye mchicha na kisamvu badala ya nazi.

Mpeleke mdogo kupimwa kila mwezi kama kadi inavyosema. Mstari wa uzito ukilala miezi miwili mfululizo, usisubiri msimu wa korosho uanze wala usinisubiri mimi, nenda kituo cha afya umwone afisa lishe na umweleze ulichompa kula jana, kimoja baada ya kimoja, hata kama ni uji mtupu.